Mwenye Meza Hulipwa Mwisho

Jumatatu, 4 Mei

Shemeji,

Sisi hatujambo, na mdogo wako hajambo. Lori la mawe linapanda kesho huko machimboni kwenu, kwa hiyo naandika leo kabla sijaghairi.

Tangu uhame na kuniachia meza ya karata, zimepita Jumapili kumi na mbili. Nimefuata kila ulichonionyesha. Saa nane mchana watu wanaingia. Anayetaka kucheza ananipa pesa, nampa chipu: nyeupe ni mia, nyekundu ni elfu. Pesa inaingia kwenye kopo la biskuti, na kopo linakaa juu ya rafu mbele ya macho ya wote. Saa kumi na mbili tunafunga. Kila mtu anarudisha chipu zake, namhesabia pesa yake, na mimi nachukua changu baada ya wote kuondoka. "Mwenye meza hulipwa mwisho," uliniambia, "ndiyo watu wamwamini."

Shemeji, kopo linapungua. Si Jumapili moja, ni zote kumi na mbili. Mara elfu mbili, mara elfu sita. Jana nilimaliza mchezo nikiwa na nyekundu tisa mbele yangu, nikajisemea leo Mungu kaniona. Nikawalipa wote. Nilipofungua kopo kwa ajili yangu mwenyewe nikakuta elfu mbili. Siku nikishinda sipati kitu. Siku nikipoteza naongeza kutoka mfukoni ili wa mwisho asiondoke mikono mitupu. Mpaka jana zimenitoka elfu hamsini na moja. Hiyo ni kodi ya kibanda changu cha saa, inayotakiwa mwisho wa mwezi wa sita. Mke wangu hajui.

Nakuuliza jambo moja tu. Enzi zako, kopo liliwahi kupungua?

Shemeji yako,
Fundi Saa

*

Ijumaa, 8 Mei

Shemeji yangu mpendwa,

Barua yako imenikuta kwenye mzani. Bado naitwa Meneja kama enzi za duka, lakini kazi yangu hapa ni kupima malori: lori tupu linapita, lori lenye mawe linapita, naandika tofauti. Mshahara wa miezi miwili bado hatujauona, lakini tunaambiwa uko njiani.

Pole sana. Meza ya nyumbani inataka mkono mgumu, na wewe una moyo laini. Sikiliza. Usimkopeshe mtu chipu, hata akiwa baba yako. Pesa kwanza mkononi, chipu baadaye. Pesa ihesabiwe na wawili, wewe na anayenunua, kwa sauti. Mfuko wako usikaribie kopo. Mchezo ukiwa unaendelea, asisimame mtu kuelekea kwenye rafu, hata kwa kisingizio cha kutafuta kiberiti.

Chipu zenyewe usijisumbue kuzihesabu. Nyekundu ni mia mbili, nilizihesabu kwa mkono wangu kabla sijakukabidhi sanduku. Ukianza kuzihesabu mbele ya watu utakuwa umewaita wezi, na hawatarudi.

Lakini fungua macho. Wapo watu wenye mikono myepesi, na huwa ni wale usiowadhania.

Msalimie sana mdogo wangu. Usimtie wasiwasi na mambo haya.

Shemeji yako

*

Jumatatu, 18 Mei

Shemeji,

Nimemkamata.

Ulisema nisihesabu chipu mbele ya watu, basi nilihesabu nikiwa peke yangu, Jumapili ya tarehe 10 wote walipokwisha ondoka. Kopo lilikuwa limepungua elfu sita. Nyekundu zilikuwa mia moja thelathini na saba. Nikahesabu tena, zikawa zilezile. Ulinikabidhi mia mbili, kwa hiyo sitini na tatu zimetoroshwa. Nikafunga sanduku kwa kufuli na ufunguo nikauvaa shingoni.

Jana nilicheza ovyo makusudi. Macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya watu. Walikuwepo Dereva, Muuza Nyama, Mwalimu, Mama Dawa na Bi Cherehani, yaani wale wale wako wa siku zote. Saa kumi hivi Bi Cherehani alibakiwa na nyeupe mbili. Badala ya kuniita auziwe, aliinamisha kichwa, akafungua kile kifuko chake cha vifungo, akatoa nyekundu tano na kuzipanga mbele yake kama mtu anayepanga sindano.

Nikasimama. Nikamwambia, "Bi Cherehani, hizo umenunua kwa nani?"

Akasema, "Fundi, keti. Tutaongea baadaye."

"Tuongee sasa. Hizo umenunua kwa nani?"

"Muulize shemeji yako."

Shemeji, damu ilinipanda. Anaiba kwangu, kisha anakutaja wewe uliye mbali usiyeweza kujitetea! Nilimwita mwizi. Nilimwita mara mbili, na mara ya pili majirani walisikia. Dereva akaziangalia karata zake kama vile anasoma gazeti. Mwalimu akavua miwani akaanza kuifuta. Muuza Nyama akasema, "Basi, basi, tuendelee." Mama Dawa peke yake ndiye aliyefungua mdomo: "Kumbe ndiyo maana hupotezi, dada." Bi Cherehani akafunga kifuko chake, akaacha zote tano mezani pamoja na zile nyeupe mbili, akatoka. Hakuaga.

Kuna kitu kimoja sikielewi. Zile tano nilizishika mwenyewe, hazikulipwa, lakini jioni kopo bado lilipungua elfu tatu. Nadhani alizipenyeza nyingine mapema kabla sijamwona.

Nimewaambia wote asirudi tena. Nilijua utapenda kusikia.

Fundi Saa

*

Jumatatu, 18 Mei

Meneja,

Mimi ni mshona nguo, si mwandishi, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Mwezi wa kwanza ulikuja kwangu na deni la magauni ya binti zako na mapazia, elfu ishirini na tano. Ulisema duka limekufa na unahama. Ulinipa chipu nyekundu ishirini na tano za meza yako. Ulisema, "Ni sawa na pesa. Fundi Saa anajua. Zitoe kidogo kidogo usije ukamaliza kopo." Kisha ukanishika mkono ukaniomba nisimwambie mtu umezitoa kwa deni, watu wasije wakajua umefilisika, mkeo akakosa pa kuficha uso. Nilikubali. Nimezitoa kumi na saba, nikiamini Fundi ananihesabia akijua.

Jana ameniita mwizi mbele ya meza nzima. Hajui chochote. Nilimwona usoni: hakuambiwa.

Ningeweza kusema palepale. Nilikuwa nimekupa neno, nikafikiri itakuchukua siku mbili kuweka mambo sawa. Leo asubuhi nimeamka na kukuta wateja wawili wametuma watoto kuchukua vitambaa vyao ambavyo sijavikata.

Ujue hali yangu. Shule iliyo nyuma ya soko inatafuta mtu wa kushona sare tisini. Waliniahidi. Kwa ahadi hiyo nimechukua cherehani ya pili kwa malipo ya kila mwezi. Kamati inakaa Jumamosi tarehe 30, saa nne asubuhi, na mhasibu wa shule ni binamu yake Mama Dawa. Kazi hiyo ikinipita, cherehani zote mbili zinaondoka, maana yangu ya zamani ndiyo niliyoiweka rehani.

Sitaki pesa. Nataka mistari miwili yenye sahihi yako: kwamba ulinipa wewe, na kwamba zilikuwa malipo yangu. Itie kwenye lori la Jumamosi hii, tarehe 23. La Jumamosi ya pili litafika mjini saa sita, kamati ikiwa imekwisha kuinuka.

Bi Cherehani

*

Ijumaa, 22 Mei

Shemeji,

Nimesoma barua yako kwa masikitiko. Umefanya ulichoona kinafaa, na mwenye meza ana haki hiyo. Ila nakusihi, yaishe. Yule ni mjane, ana maisha yake, na shetani humpitia yeyote. Msamehe, arudi akae mezani, msiseme mengi. Nyumba nzuri hainyooshi kidole. Mambo ya nyuma tuyaache nyuma.

Kuhusu zile elfu tatu usizozielewa, usiumize kichwa. Hesabu za karata huwa na vumbi.

Shemeji yako

*

Ijumaa, 22 Mei

Bi Cherehani,

Nimeumia kuliko unavyofikiri. Nimemwandikia Fundi akusamehe na akurudishe mezani, na najua atanisikia. Kwa sasa naomba univumilie mpaka mshahara utoke. Nikiandika hayo unayotaka leo, atanidai zote, na sina hata nauli. Isitoshe, mdogo wangu yuko katika nyumba ile. Unafikiri mume atamtazamaje dada wa mtu aliyemfanyia hivi?

Ndani ya bahasha kuna elfu tano, za zile chipu tano alizokunyang'anya. Nimezikopa kwa mpishi wa kambi. Angalau zisikupotee.

Meneja

*

Jumatatu, 25 Mei

Meneja,

Elfu tano zako hizi hapa, zilezile, sikuzikunjua. Niliomba mistari miwili.

Umemwandikia Fundi anisamehe. Jana amesoma barua yako mezani kwa sauti. Nimeambiwa neno kwa neno, mpaka la shetani. Mama Dawa alipiga makofi akasema, "Hata aliyesingiziwa anamwombea msamaha, jamani, mnataka ushahidi gani?" Sasa nimethibitishwa na wewe mwenyewe. Kabla ya barua yako wapo waliokuwa na shaka.

Leo mhasibu wa shule amepita mbele ya kibaraza changu. Huwa anasimama. Leo hakusimama.

Kamati ni Jumamosi hii, saa nne. Lori la Jumamosi halitawahi. Panda gari lolote Ijumaa, simama mlangoni kwao, useme. Nauli nitakulipa mimi ukifika. Nitaiomba popote.

Bi Cherehani

*

Jumatatu, 25 Mei

Kaka,

Mume wangu hajui kama naandika. Amelala na nguo za kazini, siku hizi hazivui.

Jana baada ya mchezo nilimkuta amekaa chini na sanduku la chipu kati ya miguu. Kopo lilikuwa limepungua elfu tisa, na Bi Cherehani hakuwepo. Ndipo aliponieleza yote, na kodi ya kibanda ilivyokwenda. Alilia, Kaka. Sijawahi kumwona.

Nikamwambia tuhesabu pamoja. Nyekundu ni mia moja hamsini na nne. Wiki mbili zilizopita zilikuwa mia moja thelathini na saba. Mwizi gani anayeiba chipu zikaongezeka?

Nimelifikiria usiku na mchana, nikiosha vyombo, nikifua. Kama mtu alinunua chipu mezani akaenda nazo nyumbani, siku hiyo kopo lingezidi: pesa imeingia, chipu haikurudi. Halijazidi hata Jumapili moja. Basi hizi zinazorudi hazikutoka mikononi mwa mume wangu. Zilitoka bila pesa, na zilitoka kabla hujamkabidhi sanduku. Sanduku hilo halikuwa na mia mbili.

Na Bi Cherehani alisema, "Muulize shemeji yako." Sisi sote tulisikia tusi. Alikuwa anajibu swali.

Sijamwambia mume wangu ninachofikiri. Nikimwambia mimi, kitakuwa kitu nilichokificha au kitu nilichomchongea nacho ndugu yangu. Nataka akisikie kwako. Kaka, ulitoa ngapi? Na uliwapa akina nani?

Mdogo wako

*

Ijumaa, 29 Mei

Shemeji,

Karatasi hii ni ya sita. Tano nimezichana. Wiki hii gari la Jumatano lilipita hapa na kiti kilikuwepo, nikasimama nalo mpaka likaondoka. Najua kesho itafika mjini saa sita.

Isome mezani. Naandika kwa akili timamu.

Duka langu lilikufa mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Kila aliyenidai nilimpa chipu nyekundu, nikamwambia aje Jumapili. Mwanzoni nilikuwa mwenye meza mimi mwenyewe, nikawalipa kutoka kwenye kopo na mimi nikakosa. Mwenye meza hulipwa mwisho, kwa hiyo hakuna aliyejua. Deni lilipozidi, nikawapa chipu nyingine na kuhama. Niliwaambia wote kwamba wewe unajua. Hukujua. Nilikusudia kukutumia pesa kila mwezi, kopo lijae bila wewe kuhisi. Sijatuma hata mara moja.

Sanduku nililokukabidhi lilikuwa na nyekundu themanini. Nje kulikuwa na mia na ishirini. Bi Cherehani nilimpa ishirini na tano, malipo halali ya kazi aliyoifanya vizuri. Muuza Nyama thelathini. Dereva ishirini na mbili. Mwalimu kumi na tatu. Zilizobaki thelathini niliwapa watu wa sokoni, mmoja mbili, mwingine tatu. Wengine majina yao siyakumbuki. Mama Dawa hakuwahi kunidai.

Bi Cherehani hajaiba kitu. Alinyamaza kwa sababu nilimwomba. Barua niliyokuandikia ya kumsamehe niliiandika huku ya kwake iko mezani pembeni, nimeisoma mara mbili.

Nitakulipa. Sijui lini.

Shemeji yako

*

Jumatatu, 1 Juni

Shemeji,

Nakueleza yaliyotokea, kwa mpangilio.

Jumamosi lori lilifika saa sita na dakika kumi. Nilikuwa nimekwenda stendi ya malori kuchukua mzigo mwingine, dereva wa lori akanipa barua yako. Niliisoma nimeegemea gurudumu. Sikukasirika palepale. Nilikimbia. Sijakimbia tangu nioe.

Mhasibu wa shule alikuwa anafunga mlango. Kazi ya sare wamempa fundi wa upande wa pili wa mji. Nilimwomba aisome barua, akaisoma amesimama. Akaniuliza, "Huyu ni nani yako?" Nikasema shemeji. "Wiki iliyopita shemeji yuyu huyu alimwombea mwizi msamaha, nimesimuliwa. Wiki hii anasema si mwizi. Na wewe unaona aibu kwa uliyomfanyia yule mama. Karatasi kama hii hata mimi ningeweza kukuandikia." Nikamwonyesha sahihi. Akasema sahihi yako haijui.

Nilimsihi mpaka akachoka. Akasema hivi: vitambaa vinakabidhiwa Jumatatu tarehe 8. Aliyeandika akija mwenyewe, akasema kwa mdomo wake mbele yake, Jumamosi hii kabla ya saa saba, ataita kamati. Baada ya hapo mkasi ukishapita hakuna cha kurudisha.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Bi Cherehani. Alikuwa akiifunga ile cherehani ya pili kwa magunia. Nilisimama mlangoni nikaisoma barua yote. Alisikiliza bila kuacha kufunga kamba. Nilipomaliza akasema, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo, nikaanza kuomba radhi. Akanikata: "Radhi utaiombea palepale uliponitukana. Kesho, saa nane. Nitakuja."

Jana walikuja wote. Sikumuuzia mtu chipu. Nilisoma. Nilipofika kwenye majina, Dereva alisema taratibu, "Mimi nilidhani unajua, Fundi. Wallahi nilidhani unajua." Akaingiza mkono mfukoni akatoa nyekundu tisa. Mwalimu akatoa nne. Muuza Nyama akatoa kumi na mbili kutoka kwenye soksi, akazisukuma mbele na kusema, "Sasa hizi analipa nani?"

Nikawauliza, "Basi Jumapili ile, wote mlijua alikozipata?"

Muuza Nyama akavuta soksi yake juu.

"Nauliza. Mlijua?"

Dereva akasema, "Kila mtu alikuwa na zake mfukoni. Tungesimama tuseme nini? Tungeulizwa na za kwetu."

Mama Dawa alisema yeye hakuwa na hata moja, kwa hiyo hana la kujibu. Mke wangu alikuwa amesimama na birika la chai. Akamwambia, "Dada, wewe ndiye uliyeifikisha shuleni." Mama Dawa akachukua mkoba wake. Mlangoni akapishana na Bi Cherehani, ambaye alikuwa amesimama pale muda wote.

Niliomba radhi. Niliiomba kwa sauti ileile niliyomtukania, ili majirani wasikie. Hakusema ameikubali. Alikuja mpaka mezani, akaweka nyekundu tatu. "Tatu hizi, na tano ulizonishikia. Nane." Nikamhesabia elfu nane kutoka kwenye kodi niliyoanza kuikusanya upya, maana kopo lilikuwa tupu. Akazihesabu mara mbili. Kisha akasema, "Sasa hesabu chipu, wote tukiona. Hii ndiyo kazi ambayo ungeifanya siku ya kwanza." Nilihesabu. Nyekundu mia moja themanini na mbili. Kumi na nane bado ziko nje, kwa watu ambao wewe mwenyewe huwakumbuki.

Muuza Nyama na wenzake nimewaambia nitawalipa nikipata. Meza nimeivunja. Kibanda changu nina mwezi huu tu, na mwenye kibanda ameshaanza kupitisha watu wakiangalie. Hayo ni yangu, sikuandikii kwa ajili ya hayo.

Nakuandikia kwa jambo moja. Usitume pesa. Hata senti. Njoo na lori la Jumamosi, linafika saa sita, kutoka stendi ya malori hadi shuleni ni dakika kumi na tano kwa mguu. Nitakuwa pale. Sitakugusa, sitakudai, sitakuuliza kitu. Utasema maneno mawili matatu mbele ya mhasibu, kisha ukitaka geuka na lori hilohilo.

Aliniuliza Bi Cherehani kama utakuja. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na haki ya kumwambia hivyo.

Fundi Saa

*

Jumamosi, 6 Juni

Kaka,

Najua lori halipandi mpaka Jumanne. Naandika sasa hivi, hapa hapa stendi ya malori, juu ya gunia la saruji, kwa sababu nikifika nyumbani sitaandika tena.

Tulikuja watatu. Mume wangu alivaa shati la harusi yetu. Bi Cherehani alikuja na daftari la vipimo vya watoto wa shule, alivyovipima mwezi wa nne walipomwahidi kazi. Alisema kamati ikiitwa asipoteze muda. Lori lilifika saa sita kasorobo, mapema kuliko siku zote. Dereva wa lori akashuka peke yake. Mume wangu alizunguka upande wa pili akafungua mlango, akachungulia. Akapanda hadi nyuma, kwenye mawe.

Dereva huyo wa lori akanipa bahasha yako. Alisema ulikuwa umesimama kwenye mzani na begi mkononi, umechana nywele, umevaa viatu. Alikusubiri mpaka akapigiwa honi na lori la nyuma. Ulimpa bahasha kupitia dirishani ukarudi ndani.

Nikaifungua mbele yao. Elfu kumi na nane, hesabu ya zile chipu zilizobaki nje.

Bi Cherehani akauliza, "Kuna maandishi?" Nikaitoa pesa yote, nikaangalia ndani, nikaigeuza bahasha juu chini, nikaichana kwenye mishono. Hakuna.

Mume wangu ameondoka mbio kwenda shuleni kumwomba mhasibu aongeze hata nusu saa. Sasa ni saa nane kasorobo na hajarudi. Pesa zako nimezikunja ndani ya barua hii, zihesabu zikikufikia, mbele ya dereva wa lori.

Nimemwambia Bi Cherehani twende nyumbani, jua kali. Amekataa. Ameketi kwenye kivuli cha lori, daftari mapajani, anaangalia barabara ya machimboni. Anasema malori yenu huwa mawili, na huenda umepanda la nyuma.

Mdogo wako